Tope la Bahari ya Kusini na hewa ukaa ya zama za barafu: jibu kwa mwalimu wa jiografia

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia wa kidato cha tano na cha sita hapa Tanga. Nikitayarisha somo la mabadiliko ya tabianchi, nimesoma kwamba wakati wa zama za barafu hewa ukaa angani ilipungua kwa karibu theluthi moja, na kwamba wataalamu wanaihusisha hali hiyo na virutubisho vya bahari iliyoko kusini kabisa mwa dunia. Wanafunzi wameniuliza maswali matatu ambayo sikuweza kuyajibu vizuri. Mtaalamu anajuaje virutubisho vilikuwaje baharini miaka 20,000 iliyopita, ilhali maji yale hayapo tena? Virutubisho vina uhusiano gani na hewa ukaa? Na ikiwa chuma kilirutubisha bahari wakati ule, kwa nini tusimwage chuma baharini leo?

Jibu: Ndugu Mwalimu, naomba nianze na swali la pili, kwa kuwa asiyelielewa hilo hataona sababu ya watu kuhangaika kutoa tope kwenye kilindi cha karibu kilomita nne.

Kwamba hewa ukaa ilipungua si jambo la kukisia. Theluji inayoanguka Antaktiki hugandamana mwaka baada ya mwaka mpaka ikawa barafu, na ndani yake hubaki viputo vya hewa ya wakati ule. Barafu iliyochimbwa Vostok, kituo cha utafiti huko Antaktiki, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999, ilitupatia hewa ya miaka 420,000 iliyopita. Ile ya Dome C, mahali pengine barani humo, iliyochimbwa na mradi wa nchi za Ulaya uitwao EPICA, ilifika miaka 800,000. Humo tunaona hewa ukaa ikipanda na kushuka pamoja na joto. Kabla ya viwanda, kipindi chetu cha joto kilikuwa na sehemu 280 hivi kwa milioni; barafu ilipofika kilele chake, mara ya mwisho miaka 20,000 hivi iliyopita, zilibaki sehemu 180 hadi 190. Hiyo ndiyo theluthi uliyoisoma.

Hewa hiyo ilikwenda wapi? Nchi kavu haikuipokea, kwa sababu mabamba makubwa ya barafu yalikuwa yamefunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya, na misitu pamoja na udongo vilihifadhi kaboni pungufu kuliko leo. Inabaki bahari, ambayo ina kaboni takriban mara 60 ya ile iliyokuwa angani kabla ya viwanda, kwa hiyo badiliko dogo upande wake ni badiliko kubwa angani. Wengi hudhani kwamba baridi yenyewe inatosha kuwa maelezo, maana maji ya baridi huyeyusha gesi nyingi kuliko maji ya moto. Daniel Sigman na Edward Boyle walilipigia jambo hili hesabu mwaka 2000. Baridi ingeondoa sehemu 30 hivi kwa milioni, lakini kwa kuwa maji mengi yalikuwa yameganda nchi kavu na usawa wa bahari ulikuwa umeshuka kwa karibu mita 120, maji yaliyobaki yalikuwa na chumvi zaidi, na chumvi hupunguza uwezo wa maji kuyeyusha gesi. Ukiongeza kaboni iliyotoka kwenye misitu na udongo, sehemu zaidi ya 20 zinarudi angani. Faida halisi haifiki hata sehemu 10, na sisi tunatafuta 80 au zaidi.

Hapa ndipo virutubisho vinapoingia. Katika tabaka la juu linalopata mwanga wa jua, vijimea vya baharini hutumia kaboni, nitrati na fosfati kujenga miili yao. Wakifa, au wakiliwa na kinyesi cha walaji wao kikazama, kaboni na virutubisho hivyo huenda kilindini, huoza huko na kuyeyuka tena majini. Alfred Redfield, mtaalamu wa Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba mambo haya hufuata uwiano unaokaribiana duniani kote: kwa kila atomu 1 ya fosforasi kuna 16 za nitrojeni na 106 za kaboni. Kwa hiyo maji ya kilindini yanapopanda juu huja na mizigo miwili kwa pamoja, yaani virutubisho na kaboni iliyotokana na uozo. Vijimea wakivitumia virutubisho vyote, kaboni nayo itarudishwa chini yote. Wakivitumia nusu tu, kaboni iliyokosa mbebaji itatoroka kwenda angani, na maji yatazama tena yakiwa na virutubisho ambavyo havikufanya kazi yoyote.

Katika bahari za tropiki, ikiwemo hii ya kwetu, vijimea humaliza nitrati ya juu karibu yote. Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktiki ni kinyume chake: maji ya kilindini hupanda huko kwa wingi, lakini hurudi chini yakiwa bado yamejaa nitrati na fosfati. Mwaka 1984 makundi matatu ya watafiti, moja la Harvard, jingine la Princeton na la tatu la Bern nchini Uswisi, kila moja kwa njia yake, yalifikia hitimisho moja: bahari za karibu na ncha za dunia, hasa ya kusini, ndizo mlango ambao kaboni ya kilindini hupitia kwenda angani, na mlango huo ukizibwa, hewa ukaa inaweza kushuka kwa kiasi kinacholingana na kile cha zama za barafu.

Nisisitize jambo moja, kwa kuwa hata vitabu vya vyuo hulipita haraka. Kinachoamua hewa ukaa si wingi wa viumbe baharini. Kinachoamua ni sehemu gani ya virutubisho vilivyoletwa juu imetumika kabla maji hayajazama tena. Bahari inaweza kuwa na vijimea wengi na bado ikavujisha kaboni, ikiwa maji yanayopanda ni mengi kuwazidi. Na inaweza kuwa na vijimea wachache na isivujishe, ikiwa maji yanayopanda ni machache. Ndiyo maana kuhesabu mabaki ya viumbe kwenye tope hakutoshi. Tunahitaji kipimo cha uwiano huo, na kipimo hicho ndicho jibu la swali la kwanza la wanafunzi wako.

Nitrojeni ina isotopi mbili zisizooza, yaani aina mbili za atomu zinazotofautiana kwa uzito tu: nitrojeni-14, ambayo ni zaidi ya asilimia 99.6 ya yote, na nitrojeni-15, ambayo ni nzito kidogo na haifiki asilimia 0.4. Vijimea wanapochukua nitrati hupendelea ile nyepesi, lakini upendeleo wenyewe ni mdogo sana, kiasi cha 5 hivi kwa elfu. Wachukulie watu wanaokula sinia moja la pilau, ambao kila mmoja hupenda nyama kidogo zaidi kuliko wali. Sisi tumechelewa, sinia limeshaondolewa, na tunachoweza kuchunguza ni kilichomo matumboni mwa walaji. Kama waliondoka wamekula kidogo, matumboni mtakuwa na nyama nyingi kupita mchanganyiko uliopikwa. Kama walilimaliza sinia lote, matumboni mtakuwa na mchanganyiko uleule uliotoka jikoni, maana hakuna kilichobaki. Kipimo hiki hakituambii walaji walikuwa wangapi wala sinia lilikuwa kubwa kiasi gani. Kinatuambia ni sehemu gani ya sinia iliyoliwa, na hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Kwa lugha ya maabara, nitrojeni ya viumbe ikiwa nyepesi, nitrati nyingi ilibaki bila kutumika. Ikiwa nzito na kukaribia ile ya maji ya kilindini, nitrati ilikaribia kuisha.

Watafiti wa mwanzo walipima nitrojeni ya tope zima, na matokeo yalikuwa na utata. Mabaki laini ya viumbe yakikaa sakafuni mwa bahari huliwa na bakteria, na katika kuliwa huko uwiano wa isotopi hubadilika. Tena kuna nitrojeni nyingine inayoletwa na udongo wa nchi kavu. Dawa iliyopatikana ni kutafuta nitrojeni iliyofungiwa mahali ambapo bakteria hawafiki. Foraminifera, viumbe wa seli moja wanaoelea karibu na uso wa bahari, hujenga magamba ya chokaa, na ndani ya kuta za magamba hayo huacha protini kidogo. Daiatomu, ambao ni vijimea wa seli moja, nao huacha nitrojeni ndani ya magamba yao yanayofanana na kioo. Kiumbe akifa gamba huzama, na protini hubaki humo kwa maelfu ya miaka.

Kazi yenyewe wanafunzi wataipenda. Tope huoshwa kwa maji juu ya chekecheke laini mpaka udongo utoke na zibaki chembe kama za mchanga. Chembe hizo humwagwa kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini, na mtu huchagua magamba ya aina moja tu, moja baada ya jingine, kwa ncha ya brashi nyembamba iliyoloweshwa, mpaka apate mamia yake, ambayo yote kwa pamoja yana uzito wa miligramu chache. Magamba hupasuliwa taratibu baina ya vipande viwili vya kioo, husafishwa kwa kemikali kali ili chochote kilichonata nje kiondoke, kisha huyeyushwa kwa asidi ili protini ya ndani itoke. Protini hiyo hugeuzwa kuwa nitrati, na nitrati hupewa bakteria ndani ya kichupa kilichofungwa. Bakteria wa kawaida wa aina hiyo wangeigeuza nitrati mpaka iwe gesi ya nitrojeni, na hapo kazi ingeharibika, kwa kuwa hewa ya maabara yenyewe imejaa gesi hiyo. Wanaotumika hapa wamepungukiwa na kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kwa hiyo huishia kwenye naitrasi oksidi, gesi ambayo hewani ni haba na hupimika vizuri. Njia hii ya bakteria ilichapishwa mwaka 2001 na Sigman pamoja na wenzake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoubadilisha uwanja huu, maana kabla yake sampuli ndogo namna hii isingetoa jibu. Mwaka 2009 Haojia Ren, Sigman na wenzao walionyesha kwamba inaweza kutumika kwa magamba ya foraminifera yaliyofukiwa tangu zama za barafu.

Sasa tope la Bahari ya Kusini limesema nini? Limesema mambo mawili tofauti kwa sehemu mbili tofauti, na hapa pana utamu.

Sehemu ya kwanza ni ile iliyo karibu na bara la Antaktiki. Mwaka 1997 Roger François na wenzake walionyesha kwamba wakati wa zama za barafu magamba ya daiatomu yaliyofukiwa huko yalikuwa machache kuliko leo, yaani uhai ulipungua, na wakati huohuo nitrojeni ilikuwa nzito zaidi, yaani sehemu kubwa zaidi ya nitrati ilitumika. Kwa anayehesabu wingi wa viumbe tu, hili ni kinyume. Kwa anayetazama uwiano, maana yake ni moja: maji yaliyokuwa yakipanda kutoka kilindini yalipungua mno, kiasi kwamba hata vijimea wachache waliweza kuvitumia virutubisho vilivyoletwa. Tabaka la juu lilikuwa limetengana na kilindi, na kaboni ikabaki imefungiwa chini. Sababu ya kutengana huko bado inajadiliwa. Wapo wanaosema pepo za magharibi, ambazo ndizo zinazoyavuta maji juu, zilisogea kaskazini au zilidhoofika. Wapo wanaosisitiza barafu ya baharini, au maji matamu mepesi yaliyotandaa juu kama tabaka. Mimi naona maelezo haya hayapingani, lakini uzito wa kila moja haujapimwa kwa namna itakayomridhisha kila mtu.

Sehemu ya pili iko kaskazini ya hiyo, kati ya Antaktiki na latitudo za Afrika Kusini na Ajentina. Huko ndiko chuma kilikofanya kazi. Vijimea huhitaji chuma kwa usanisinuru, ingawa kwa kiasi kidogo mno, na Bahari ya Kusini iko mbali na vyanzo vya vumbi, kwa hiyo chuma ndicho kinachokosekana wakati nitrati imejaa tele. John Martin wa maabara ya bahari ya Moss Landing huko California alilisema hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 akaandika kwamba vumbi la zama za barafu, ambalo tunaliona likiongezeka mara nyingi kwenye barafu ya Vostok, liliirutubisha bahari hiyo na kuishusha hewa ukaa. Wengi waliliona wazo lake kuwa la kupita kiasi, na alifariki mwaka 1993 kabla halijajaribiwa baharini.

Ushahidi wa tope ulikuja baadaye. Kati ya Desemba 1997 na Februari 1998 meli ya uchimbaji ya JOIDES Resolution, katika safari iliyoanzia Cape Town, ilichimba kusini-magharibi ya Rasi ya Tumaini Jema mahali panapojulikana kama Kituo 1090, kwenye kina cha mita 3,700 hivi. Mwaka 2014 Alfredo Martínez-García, Sigman, Gerald Haug na wenzao walichapisha vipimo vitatu kutoka tope hilohilo kwa kipindi cha miaka 160,000: kiasi cha chuma kilicholetwa na vumbi, mabaki ya kikemikali ya vijimea, na nitrojeni iliyofungiwa ndani ya magamba ya foraminifera. Kila vumbi lilipoongezeka, vijimea waliongezeka, na nitrojeni ikawa nzito. Safari hii uhai uliongezeka na sehemu ya nitrati iliyotumika iliongezeka pia, tofauti kabisa na karibu na Antaktiki, na hilo haliwezi kuelezwa kwa kupungua kwa maji yanayopanda. Ni alama ya urutubishaji. Makadirio yanaipa njia hii uwezo wa kuondoa hadi sehemu 40 kwa milioni, yaani chini kidogo ya nusu ya badiliko lote.

Yapo mambo mengine yanayothibitisha hadithi hii bila kutegemea nitrojeni. Kaboni iliyofungiwa kilindini kwa njia ya uozo lazima iwe imetumia oksijeni ya huko, na kweli tope la vilindi vya Bahari ya Kusini linaonyesha oksijeni ilikuwa pungufu wakati wa barafu. Na barafu ilipoanza kuyeyuka, kuanzia miaka 18,000 hivi iliyopita, Robert Anderson na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba magamba ya daiatomu yalianza kufukiwa kwa wingi karibu na Antaktiki wakati uleule hewa ukaa ilipokuwa ikipanda, dalili kwamba maji ya kilindini yameanza kupanda tena. Mwaka 2015 isotopi za boroni, ambazo hutunza alama ya asidi ya maji, zilionyesha kwamba uso wa bahari kusini mwa Atlantiki ulikuwa ukitoa hewa ukaa katika kipindi hicho.

Kabla sijaingia kwenye swali la mwisho, niseme neno juu ya bahari iliyo jirani nasi, kwa kuwa imewahi kupewa sifa isiyo yake yote. Kusi linapovuma, maji baridi yenye virutubisho hupanda kwenye mwambao wa Somalia na Oman, vijimea hustawi, na uozo wao humaliza oksijeni katika maji ya kati ya Bahari ya Uarabuni. Palipokosa oksijeni, bakteria hutumia nitrati badala yake na kuigeuza gesi, hivyo bahari hupoteza nitrati. Bakteria hao nao hupendelea nitrojeni nyepesi, tena kwa nguvu kuliko vijimea, kwa hiyo upotevu huo huacha alama nzito kwenye tope. Mwaka 1995 Mark Altabet na wenzake walionyesha kwamba upotevu huo ulipungua katika vipindi vya baridi, wakati kusi lilikuwa dhaifu. Wapo waliotumaini kwamba hapo ndipo penye siri yote: nitrati iliyookolewa iliiongezea bahari ya dunia rutuba, na rutuba ikaishusha hewa ukaa. Lakini kuna viumbe wengine wanaotengeneza nitrojeni ya majini kutokana na ile ya hewani, na utafiti wa Ren wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika Atlantiki ya zama za barafu kazi yao ilipungua. Bahari ilipopoteza kidogo ilitengeneza kidogo, na jumla haikuelekea kubadilika sana. Kwa hiyo mimi huiweka Bahari ya Uarabuni katika orodha ya mahali palipoiitikia tabianchi kwa nguvu, si pale palipoiendesha.

Sasa, kwa nini tusimwage chuma? Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 1993 karibu na visiwa vya Galápagos, miezi michache baada ya kifo cha Martin, na yaliyofuata yalikuwa mengi, yakiwemo ya Bahari ya Kusini yenyewe kuanzia mwaka 1999. Katika jambo moja Martin alishinda kabisa: chuma kikimwagwa, vijimea hustawi, na rangi ya bahari hubadilika kiasi cha kuonekana na setilaiti. Ugumu unaanzia hapo. Ili kaboni ihesabike kuwa imeondolewa, lazima izame vilindini na ikae huko kwa karne nyingi. Katika jaribio la mwaka 2004 lililofanywa na meli ya Ujerumani ya Polarstern, daiatomu walizama kwa wingi hadi chini ya mita 1,000. Katika jaribio la mwaka 2009 la Ujerumani na India, lililotumia meli hiyohiyo, maji yalikosa silika ambayo daiatomu huihitaji kwa magamba yao, vijimea wa aina nyingine ndio waliostawi, wakaliwa na wanyama wadogo, na kaboni iliyozama ikawa haba. Huwezi kuahidi tani za kaboni kwa njia ambayo leo inazamisha na kesho hailingani na gharama za dizeli ya meli.

Lakini hata tukijalia kwamba kila jaribio litafaulu, hesabu haitukubalii. Sehemu 40 kwa milioni zilizoondolewa na vumbi la zama za barafu ziliondolewa kwa maelfu ya miaka, kwa vumbi lililoanguka bila kukoma juu ya eneo kubwa mno la bahari. Sisi sasa tunaongeza zaidi ya sehemu 2 kwa milioni kila mwaka, na tumeshavuka 420. Kazi yote ya vumbi la zama za barafu tunaifuta kwa chini ya miaka 20.

Lipo pia jambo linalotugusa sisi tulioko kaskazini ya bahari hiyo, na huwa silioni likizungumzwa katika matangazo ya makampuni yanayouza wazo hili. Virutubisho ambavyo Bahari ya Kusini haivitumii havipotei vyote. Sehemu yake huzama kaskazini ya maeneo yanapopanda na kusafiri chini ya uso mpaka bahari za tropiki. Mwaka 2004 Jorge Sarmiento wa Princeton na wenzake walikadiria kwamba virutubisho vinavyopita njia hiyo ndivyo vinavyowezesha karibu robo tatu ya uzalishaji wa kibayolojia wa bahari zote zilizo kaskazini ya latitudo 30 kusini. Ukivitumia vyote huko kusini kwa chuma, baada ya miongo kadhaa vitapungua huku, na anayetegemea samaki wa Bahari ya Hindi atalipa gharama ya mradi ambao hakuulizwa. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya nchi wanachama wa Itifaki ya London, inayosimamia utupaji wa vitu baharini, zipitishe marekebisho mwaka 2013 ya kuzuia urutubishaji wa bahari isipokuwa kwa utafiti uliokaguliwa.

Kuhusu darasa lako, nina pendekezo moja. Takwimu za Dome C za hewa ukaa na za vumbi zinapatikana bure katika hifadhi ya tabianchi ya kale ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, na katika hifadhi ya PANGAEA. Wape wanafunzi wachore mistari miwili hiyo kwenye karatasi moja, kuanzia miaka 130,000 iliyopita hadi leo, kisha uwaulize kama vumbi pekee linatosha kuwa maelezo. Wataona kwamba hewa ukaa ilishuka kwa hatua. Hatua ya kwanza ilitokea yapata miaka 115,000 hadi 110,000 iliyopita, vumbi likiwa bado kidogo, na hiyo wataalamu wengi huihusisha na kupungua kwa maji yanayopanda karibu na Antaktiki. Hatua nyingine, ya miaka 70,000 hivi iliyopita, inakuja pamoja na vumbi. Mwishoni mwa zama za barafu wataona jambo hilohilo kwa upande wa pili: vumbi linaporomoka mapema, ilhali hewa ukaa inaendelea kupanda mpaka miaka 11,000 hivi iliyopita. Mwanafunzi atakayeziona tofauti hizo kwa macho yake kwenye karatasi aliyoichora mwenyewe atakuwa ameshaelewa kwa nini tunahitaji sehemu mbili za Bahari ya Kusini, si moja.